Aliyekuwepo Uwanjani: Mwanamichezo na Nyakati za Vita

Mhadhara kwa wananchi, walimu na wanafunzi wa Masieda, Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara



Tangu nchi yetu, Tanzania, ianze kushiriki michezo ya Olimpiki mwaka 1964, imepata medali mbili tu. Zote ni za fedha, zote zilipatikana Moscow, na zote ni za mwaka 1980. Filbert Bayi aliipata ya kwanza katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui aliipata ya pili katika mita 5,000. Bayi ni mzaliwa wa Karatu, na wazee waliopo hapa wanakumbuka kwamba Karatu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu kabla haijawa wilaya yenyewe. Kwa hiyo moja ya medali hizo mbili ilitoka nyumbani.

Lakini kila medali hizo zinapotajwa, hatakosekana mtu wa kusema: “Moscow? Wakenya hawakuwepo. Wamarekani hawakuwepo.” Husemwa haraka, kisha mazungumzo huhamia kwingine, na kazi ya miaka mingi ya mtu hubaki imepunguzwa thamani kwa sentensi mbili. Leo nataka tuzijibu sentensi hizo mbili, na tuzijibu kwa haki, kwa sababu zina ukweli ndani yake. Ninachosimamia ni hiki: mwanamichezo hupimwa kwa alichokifanya siku aliyokuwepo uwanjani. Waliokosekana siku ile wana historia yao, nayo haipasi kutumiwa kuipunguza ya kwake. Na jamii iliyomtuma, au iliyomzuia kwenda, inadaiwa.

Mkono mmoja katika ligi kuu

Swali hili halikuanza kwetu. Niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwenye mchezo wa besiboli. Katika mchezo huo mrushaji hutupa mpira kwa nguvu, na mpinzani wake huupiga kwa gongo. Wachezaji watatu husimama mbali nyuma ya uwanja kuifukuza mipira iliyopigwa mbali, kuidaka na kuirudisha. Kazi hiyo ya nyuma inataka miguu mepesi, jicho kali na mkono wenye nguvu.

Pete Gray, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Peter Wyshner, alizaliwa mwaka 1915 Nanticoke, mji wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Akiwa na umri wa miaka sita aliumia katika ajali ya gari, na mkono wake wa kulia ukakatwa juu ya kiwiko. Ndio mkono aliokuwa akiutumia. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akipiga mawe kwa fimbo mpaka jicho na mkono vikaelewana. Akajibunia pia namna yake ya kucheza nyuma: aliudaka mpira kwa glavu, akaibana glavu chini ya kigutu cha mkono wa kulia, mpira ukateremka kifuani hadi kwenye kiganja, akaurusha. Yote hayo aliyafanya kwa kasi ya mtu mwenye mikono miwili.

Marekani ilipoingia vitani, Rais Franklin Roosevelt aliandika barua Januari 1942 akishauri besiboli iendelee ili wananchi wanaofanya kazi ngumu wapate burudani. Mchezo ukaendelea, lakini wachezaji waliitwa jeshini. Wachezaji zaidi ya 500 wa ligi kuu walivaa sare za jeshi, wakiwemo Ted Williams na Joe DiMaggio, waliokuwa vinara wa mchezo huo. Timu zilibaki na mapengo makubwa kiasi kwamba mwaka 1944 mvulana wa miaka 15, Joe Nuxhall, alirusha mpira katika mechi ya ligi kuu akiwa na timu ya Cincinnati.

Mwaka huohuo Gray alikuwa akichezea timu ya Memphis katika ligi ya daraja la chini. Aliiba vituo 63, yaani mara 63 alikimbilia kituo cha mbele na kufika kabla wapinzani hawajamtoa, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Mwaka 1945 timu ya St. Louis Browns, iliyokuwa imetwaa ubingwa wa American League msimu uliotangulia, ilimsajili. Alicheza mechi 77. Katika zamu 234 za kupiga zilizohesabiwa, alipiga vizuri na kufika kituoni mara 51. Mwanzoni aliwashangaza wengi. Baadaye warushaji waligundua kwamba akishaanza kulizungusha gongo, mkono mmoja haukuweza kulizuia wala kubadili njia yake, wakaanza kumtupia mipira inayopinda mwishoni. Baadhi ya wachezaji wenzake waliamini kwamba alipangwa ili kuvuta watazamaji. Alikwenda pia hospitali za jeshi kuwatembelea askari waliorudi bila mikono au miguu, na wale walikuwa na sababu yao ya kumtazama, tofauti kabisa na ya watazamaji wa viwanjani.

Vita vikaisha. Mwaka 1946 wenye namba zao walirudi, na Gray hakucheza tena ligi kuu. Aliendelea katika madaraja ya chini hadi mwaka 1949, akarudi Nanticoke, akafia huko mwaka 2002.

Sasa tumpimeje? Ni kweli kwamba bila vita huenda asingeifikia ligi kuu. Ni kweli pia kwamba kila mmoja wa mipigo ile 51 aliupiga yeye, dhidi ya warushaji waliokuwa wakitafuta kila njia ya kumshinda. Vita vilimpa nafasi. Havikumpigia mpira hata mmoja.

Kijana wa Karatu aliyekimbia mbele

Turudi nyumbani. Nchi hii ya miinuko, kuanzia Karatu hadi Mbulu, Dongobesh na Haydom, kisha ng’ambo hadi Katesh chini ya Mlima Hanang, imetoa wakimbiaji ambao dunia inawajua. John Stephen Akhwari wa Mbulu alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, giza likiwa limeingia, mshindi akiwa amefika zaidi ya saa moja kabla yake. Watu wengi huishia hapo. Hawasemi kwamba miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh, Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni. Alikuwa mkimbiaji hodari, na kumkumbuka kwa maumivu yake peke yake ni kumnyima nusu ya heshima yake.

Filbert Bayi alizaliwa mwaka 1953. Katika Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, hakuvuka hatua za mwanzo. Miezi michache baadaye, Januari 1973, alishinda mita 1,500 katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, na aliyemwacha nyuma ni Kipchoge Keino wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1968 katika mbio hizohizo.

Kisha ikaja Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ninaomba vijana mnisikilize hapa, maana hii ni moja ya mbio kubwa zilizowahi kukimbiwa popote. Desturi ya mbio za kati ilikuwa kuviziana: wakimbiaji hukaa pamoja, kila mmoja akitunza nguvu, kisha hufyatuka mzunguko wa mwisho. Bayi aliikataa desturi hiyo. Bunduki ilipolia alichukua uongozi, akaufungua mwanya mkubwa, akawalazimisha wengine wote kukimbia mbio zake. John Walker wa New Zealand, akikimbia mbele ya watu wake, alikuja kwa kishindo mwishoni. Hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker, wa pili, naye aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun wa Marekani iliyodumu tangu mwaka 1967. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Bayi alikuwa na umri wa miaka 20.

Rekodi ile ya dunia ilidumu hadi Agosti 1979, Sebastian Coe wa Uingereza alipoivunja. Kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, ilidumu hadi Birmingham mwaka 2022. Kwa miaka 48 wakimbiaji wa mataifa yote ya Jumuiya ya Madola, wenye viatu bora na viwanja bora, walijaribu katika michezo hiyo na hawakuufikia muda ule. Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi aliongeza rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51. Agosti ya mwaka huohuo Walker aliivunja. Dunia nzima ya riadha ikaanza kusubiri kitu kimoja: Bayi na Walker, Montreal, Olimpiki ya mwaka 1976.

Mlango uliofungwa

Mbio hizo hazikukimbiwa. Tarehe 16 Juni 1976 polisi wa serikali ya Makaburu ya Afrika Kusini waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Soweto. Wiki chache baadaye timu ya raga ya New Zealand ilikuwa Afrika Kusini ikicheza na timu za utawala uleule. Nchi za Afrika ziliitaka New Zealand iondolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilijibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, hivyo jambo hilo halikuwa lake. Nchi zaidi ya 20 zikajitoa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutangaza.

Ilikuwa vigumu kwa Tanzania kufanya vingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Wapigania uhuru wa Kusini walikuwa wageni wetu na ndugu zetu. Ninaamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ulizaa matunda: mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana huko Gleneagles, Uskoti, kuzuia uhusiano wa michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi. Afrika Kusini ilirudi Olimpiki mwaka 1992, ubaguzi ukiwa unaelekea kaburini.

Lakini uamuzi sahihi una gharama, na gharama ile hatukuilipa sisi sote kwa usawa. Aliyeilipa zaidi ni kijana wa miaka 23 aliyekuwa kwenye kilele cha nguvu zake. Walker alishinda Montreal kwa dakika 3 na sekunde 39.2, polepole kwa sekunde saba kuliko Christchurch. Siwezi kusema Bayi angeshinda. Alikuwa pia ameugua malaria kabla ya michezo. Nasema tu kwamba kilele cha mkimbiaji wa mita 1,500 ni kifupi, na Olimpiki huja mara moja kwa miaka minne.

Angalieni sasa: hakuna anayesema dhahabu ya Walker si dhahabu kwa sababu Bayi hakuwepo. Walker anaheshimiwa, na anastahili. Kama ndivyo, kwa nini tunageuza kipimo tunapofika Moscow?

Mlango uliofunguliwa

Agosti 1978, mjini Edmonton, Kanada, Gidamis Shahanga wa Hanang, kijana wa miaka 20, alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola, na Bayi akapata fedha katika mita 1,500. Oktoba ya mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Nchi ikaingia vitani. Vijana kutoka kila mkoa walikwenda mstari wa mbele, na malori, mafuta na fedha vikaelekezwa huko. Aprili 1979 Kampala ilikombolewa. Baada ya ushindi Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi wajifunge mikanda kwa miezi 18, na wanaokumbuka foleni za sukari, sabuni na sembe wanajua kwamba mikanda ile haikulegea baada ya miezi hiyo.

Katika hali hiyo Olimpiki ya Moscow ilikaribia. Majeshi ya Kisovyeti yalikuwa yameingia Afghanistan Desemba 1979, na Rais Jimmy Carter wa Marekani alitaka dunia isusie michezo ile. Februari 1980 alimtuma bondia Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuomba kuungwa mkono. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na Nyerere hakukubali kuonana naye. Kenya ilisusia, Tanzania ilikwenda. Henry Rono wa Kenya, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya kuruka viunzi na maji, dakika 8 na sekunde 5.4, akabaki nyumbani.

Bayi alikuwa na miaka 27. Alijua mwili wake haukuwa tena ule wa Christchurch kwa mita 1,500, akageukia viunzi na maji. Katika fainali alifanya alichokijua: alikwenda mbele. Alifungua mwanya wa zaidi ya mita 30, akiruka viunzi peke yake mbele ya umati. Aliyemfukuza alikuwa Bronisław Malinowski wa Poland, bingwa wa Ulaya mara mbili, aliyepata fedha Montreal. Huyo hakuwa mjaza nafasi. Malinowski alimfikia kwenye mzunguko wa mwisho na kushinda kwa 8:09.7; Bayi 8:12.5. Nyambui naye, katika mita 5,000, alishindwa kwa chini ya sekunde moja na Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyekwisha kushinda pia mita 10,000 mjini humo.

Ndiyo, Rono hakuwepo. Vilevile Bayi hakuwepo Montreal, na sababu zote mbili ziliamuliwa katika ofisi za serikali, mbali na kiwanja. Rono aliibiwa nafasi yake, na kumhurumia ni haki. Lakini huruma kwa Rono haitoi hata nukta moja katika muda wa 8:12.5. Muda ule ulikimbiwa, viunzi vile vilirukwa, na aliyekuwepo ni kijana wa Karatu.

Deni letu

Sasa naja kwenye deni. Gray alipewa nafasi na vita, na amani ilipokuja ikaichukua. Bayi alinyimwa nafasi moja na siasa, akapata nyingine kwa siasa hizohizo. Hakuna kati yao aliyechagua mwaka wa kuzaliwa. Walichochagua ni kuwa tayari, na hilo ndilo ninalotaka vijana wa Masieda mlichukue. Hamjui nafasi yenu itakuja mwaka gani, wala itadumu muda gani. Wengi huamini miinuko yetu ndiyo inayotoa wakimbiaji. Hewa hii nyepesi husaidia, lakini hewa hii imekuwepo siku zote, na mabingwa wanatokea tu pale ambapo mtu anakimbia kila siku na mwingine anampima.

Kwa sababu maisha ya uwanjani ni mafupi, ya baada yake lazima yaandaliwe mapema. Bayi alipomaliza mbio alijenga shule, na akaitumikia Kamati ya Olimpiki ya Tanzania kama katibu mkuu kwa miaka mingi. Aliendelea kuwa na kazi ya kufanya baada ya miguu kuchoka. Wazazi, mtoto anayekimbia vizuri asiondolewe darasani kwa ahadi ya medali. Walimu, msimruhusu achague kati ya kalamu na raba. Na wasichana wapewe nafasi sawa: binti anayetembea kilomita nyingi kwenda shule na kurudi, kisha akakimbilia maji, tayari ana mazoezi ambayo hakuna aliyeyahesabu.

Kuhesabu ndiko ninakowaomba mkuanze. Kila shule ya msingi na sekondari katika kata hii iwe na daftari la riadha. Liandikwe jina, mwaka, umbali na muda, pamoja na aliyepima. Uwanja upimwe kwa futi kamba, mita 400 kamili, na mipaka iwekwe chokaa kabla ya kila mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Saa ya kupimia mbio haina bei ya kuishinda kamati ya shule. Tunaijua Christchurch leo kwa sababu mtu alishika saa na mwingine akaandika. Ni vijana wangapi wa Masieda waliokimbia vizuri miaka ya vita ya 1978 na 1979, miaka ambayo hakukuwa na mafuta ya kuwapeleka hata Arusha? Wazee waliowaona bado wako nasi. Wanafunzi waende wakawaulize, waandike, walimu wahakiki.

Mwaka 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu kutoka Singida, jirani zetu, alishinda marathoni ya dunia na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Moto haujazimika. Medali za Moscow bado zinasubiri wenzao, na zitakapowapata tuwaambie watoto ukweli wote: nani alikuwepo, nani hakuwepo na kwa nini, na kwamba aliyekuwepo alikimbia kwa nguvu zake zote. Daftari la kwanza mnaweza kulifungua Jumatatu hii, na jina la kwanza liwe la mtoto atakayefika wa mwisho, ili ijulikane tangu ukurasa wa kwanza kwamba hapa Masieda kila aliyekimbia ameandikwa.